Nilijua Baba Anakufa, Nikamwacha Mdogo Wangu Aondoke na Hasira

Mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize, na kama ni kunigombeza nigombeze tu, kwa sababu nimefika mahali ambapo hata kugombezwa naona kutanipa nafuu.

Mimi ni mama wa mabinti wawili, nina miaka arobaini na moja, kazi yangu ni ya maabara katika hospitali moja kubwa, kutwa nzima nimeinamia darubini nasoma damu za watu nisiowajua. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, tukabaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume ambaye baba alimpa jina la Bosi tangu ana miaka mitano, maana alikuwa hawezi kukaa na watu bila kuwapangia nani akae wapi na nani aoge kwanza. Baba alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara kwa miaka thelathini na mbili, yaani tulilelewa na shangazi, yeye tukimwona mwisho wa mwezi, amekuja na vumbi lake na maembe ya njiani, analala siku moja anaondoka. Mimi nilizoea. Bosi hakuzoea, na nadhani mpaka leo hajazoea.

Mwaka huu mwanzoni baba alianza kukonda na kulalamika tumbo, nikampeleka hospitalini kwetu, akapimwa, na majibu yalipotoka nikayasoma mimi kabla ya daktari kutuita. Ilikuwa saratani ya kongosho na ilikuwa imeshaingia kwenye ini. Daktari alitukalisha akatueleza bila kuficha, akasema dawa zipo ila zitamchosha kuliko zitakavyomsaidia, na baba akasema hataki. Akaletewa karatasi ya kukataa matibabu, akatia sahihi, na mimi nikatia sahihi chini yake kama ndugu aliyeshuhudia. Tulipotoka nje, pale kwenye maegesho, akanishika mkono akasema nisimwambie mtu, na hasa Bosi nisimwambie.

Nilimuuliza kwa nini, kwa sababu wiki ile ile Bosi alikuwa amekodi nyumba milimani kwa ile wikiendi ndefu ya sikukuu, siku tatu familia nzima, ameilipia mwenyewe, ametuma hadi orodha ya nguo za kubeba. Baba akaniambia, "Nataka hizo siku tatu niwe na watu wasionihurumia." Nikamwahidi.

Basi tukaenda, mshauri. Mume wangu alibaki kwa sababu ya zamu, tukawa mimi na mabinti zangu, Bosi na mkewe na mtoto wao, na baba. Njia nzima baba alikuwa anawaeleza wajukuu jinsi barabara ya mlimani inavyochongwa, na kila tukifika kona mbaya anasema aliyeikata hii alikuwa na haraka ya kwenda kula. Tulicheka mpaka wifi yangu akaomba gari lisimame. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, na ukungu ulikuwa unaingia hadi barazani, baridi ya kutokeza moshi mdomoni, watoto wakawa wanajifanya wanavuta sigara. Ile Ijumaa ndiyo siku nzuri ya mwisho niliyonayo.

Jumamosi asubuhi Bosi akatupanga kupanda juu kwenye kibanda cha kutazamia bonde, mwendo wa kama saa moja na nusu. Ameshakwenda kabla yetu kuikagua njia, amebeba maji, amebeba hadi kiti cha kukunja cha baba. Tulitembea kama dakika ishirini baba akasimama, akashika mti, akasema, "Nendeni nyinyi. Mimi hapa panatosha." Mimi nilimwona jasho lile na nikajua ni maumivu, lakini Bosi aliona mzee aliyekanyaga milima yote ya nchi hii kwa kazi za watu, anashindwa kupanda kimoja kwa ajili ya mwanawe. Hakuna aliyekwenda juu. Tulirudi wote, na tulipofika barazani Bosi akalipuka mbele ya watoto. Alisema hakuja kwenye mechi zake, hakuja kwenye mahafali, harusini aliondoka kabla ya chakula, na sasa hata kutembea saa moja kumemshinda. Akamaliza kwa kumwambia, "Hujawahi kufurahia kitu chochote kilichotoka kwangu." Baba alikuwa amekaa anafungua viatu. Alisema tu, "Inawezekana, mwanangu," akaingia ndani kulala.

Jumapili asubuhi Bosi akapakia mizigo, siku moja kabla. Mtoto wake analia hataki kuondoka, wifi yangu ananitazama mimi kama vile mimi ndiye mkubwa nifanye kitu. Baba alitoka akasimama mlangoni na sweta lake. Nikamfuata Bosi kwenye gari, dirisha liko wazi, nikamwambia asubiri kwanza. Akaniuliza, "Nisubiri nini, dada? Nipe sababu moja tu."

Mshauri, sababu ilikuwa mdomoni mwangu. Ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikamwambia, "Haya, nendeni salama." Baba akapunga mkono, Bosi anarudisha gari nyuma anatazama kioo, hakumwona au alijifanya hakumwona, sijui.

Mchana ule baba akaniambia nimpeleke kule juu. Nilikataa, akavaa viatu. Tulitumia karibu saa nne, anatembea kidogo anakaa, binti zangu wanamletea maua ya porini kila akikaa, mpaka tukafika. Akalitazama bonde muda mrefu, akasema kijana amechagua mahali pazuri, halafu akasema, "Mwambie Bosi nilifika." Nikamwambia atamwambia mwenyewe. Jumatatu tukafunga nyumba tukarudi mjini. Wiki ile baba alimpigia Bosi mara mbili, hakupokea. Wiki ya tatu hasira zikampungua, akaniambia Jumamosi atakwenda kumwona mzee. Baba alifariki Alhamisi, siku kumi na saba tangu turudi.

Sijamwambia Bosi kwamba baba alifika, kwa sababu nikimwambia ataniuliza kwa nini alitumia saa nne, na hapo nitajibu nini. Kwenye mazishi aliposhika cheti cha kifo akaona neno saratani, akanivuta pembeni jikoni kwa shangazi, macho mekundu, akaniuliza, "Dada, wewe ulikuwa unajua?"

Nilimwambia hapana.

Sasa ameshika kwamba hospitali ilizembea, kwamba mzee alikwenda pale mara tatu na hakuna aliyegundua, na ameandika malalamiko dhidi ya yule daktari, yule yule aliyetukalisha akatueleza kwa upole. Jumatano ijayo ameitwa kwa mganga mkuu na faili la baba litafunguliwa mbele yake, na ndani ya faili kuna sahihi yangu. Wifi yangu ananiambia Bosi hali vizuri, akitoka kazini anakwenda kukaa ndani ya gari nje ya nyumba ya baba, haingii, anakaa tu, na ukimgusa anasema neno moja, kama ningejua, kama ningejua. Nina rafiki kwenye chumba cha mafaili, ameniambia karatasi moja kupotea si jambo la ajabu, nimwambie tu. Sijamjibu. Nisaidie, mshauri, nifanye nini, maana mdogo wangu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye.

Mimi, dada mkubwa.

Mshauri anajibu

Mwanangu, marahaba, na pole kwa baba. Barua yako nilipoisoma nilikupigia simu siku ile ile, kwa kuwa Jumatano isingesubiri gazeti litoke. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyokuambia kwa mdomo, na umeniruhusu yachapishwe.

Tuanze na huyo wa mafaili. Huyo anakutafutia balaa na kuliita msaada. Karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba daktari alifanya kazi yake. Ikipotea, mtu aliyewatendea wema baba yako na wewe ataadhibiwa kwa kosa ambalo halipo, na wewe utaendelea kupishana naye kwenye korido kila asubuhi unamsalimia. Utaweza? Mpigie rafiki yako leo umwambie hapana, na neno lenyewe liwe hapana, usiseme utafikiria.

Pili, kuhusu kiapo. Umekishika kama ngao, lakini msome tena baba yako. Alikuomba siku tatu. Ulimpa, na ulifanya vizuri kumpa, hapo sikulaumu hata kidogo. Mtu anayekufa ana haki ya kucheka kwenye kona za barabara bila kutazamwa kwa huruma. Lakini siku tatu ziliisha Jumatatu mlipofunga ile nyumba. Zile siku kumi na saba zilizofuata hazikuwa za baba, zilikuwa zako. Ungeweza kumwendea mzee ukamwambia, baba, nifungue mdomo. Hukumwendea, na najua kwa nini: ulikuwa umechoka, unauguza kwa siri, na kunyamaza ni rahisi kuliko kuongea. Nakuelewa. Sikuungi mkono.

Na pale dirishani, mwanangu. Aliomba sababu moja. Hukulazimika kutaja ugonjwa. Ungesema, kaa kwa ajili yangu, nakuomba, na mdogo mtu angezima gari. Nakuambia haya si kukuumiza, ni kwa sababu utayafikiria hata nisipoyasema, na ni afadhali uyasikie kwa sauti ya mtu mwingine. Ukishayasikia, yaache. Baba yako hakufa kwa sababu ya ulichonyamazia. Alikufa kwa saratani, na wewe unayeshinda kwenye darubini unalijua hilo kuliko mimi.

Uongo wa jikoni ndio mzito. Mdogo wako amepoteza baba, na juu yake umempa adui wa kubuni wa kupigana naye. Ndiyo maana anakaa kwenye gari. Hana pa kuingilia.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake kabla ya Jumatano, mchana, kwa miguu yako, si kwa simu wala ujumbe. Mwombe wifi yako atoke na mtoto, usimweke pale awe mto wa kukukinga. Usianze na baba, wala usiseme kwamba yeye ndiye aliyekuapisha, hiyo itakuja baadaye na kwa kifupi. Anza na uongo wako: uliniuliza kama nilijua, nikakujibu hapana, nilijua. Sema ukiwa bado umesimama, kwa sababu ukishakaa utaomba chai, na ukishaomba chai hutasema.

Kisha msimulie ile Jumapili ya mlimani yote. Zile saa nne, maua, bonde, na maneno ya baba kama alivyoyasema, usipunguze wala usiyatie chumvi. Hayo si yako, uliyabebeshwa tu uyafikishe.

Halafu nyamaza. Usilie kumzidi. Msamaha usiuombe siku hiyo, maana utamgeuza yeye awe wa kukubembeleza wewe. Akikutukana, sikiliza. Akikufukuza, ondoka. Na kuhusu malalamiko, mwambie utakwenda naye Jumatano ukaseme mbele ya mganga mkuu kwamba sahihi ni yako. Akikataa kuongozana nawe, nenda peke yako.

Wiki tano baadaye

Dada mkubwa ameniandikia tena, mistari michache, nayo ameniruhusu niiweke hapa.

"Mshauri, nilikwenda Jumapili. Nilisema nikiwa nimesimama. Hakunitukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama baba alikuwa na maumivu njiani kurudi, nikamwambia ndiyo, akaniambia nitoke nyumbani kwake. Nikatoka. Malalamiko ameyaondoa, Jumatano sikumkuta hospitalini, nikaambiwa alipitisha barua asubuhi. Daktari nilimwomba radhi mwenyewe. Wifi yangu anasema Bosi sasa anakula, na haendi tena kukaa kwenye gari, ila jina langu halitaji. Jana mchana nikiwa kazini simu iliita, nikaona ni yeye. Nikapokea. Hakusema kitu. Nilimsikia anapumua, na mimi nikakaa na simu sikioni hapo hapo mezani, wenzangu wakidhani namsikiliza mgonjwa. Tulikaa hivyo kama dakika kumi, halafu akakata. Sijui maana yake nini. Je, nimpigie?"

Hapana, mwanangu, usimpigie. Muda bado ni wake. Ila simu yako iwe na chaji, na uiweke mahali utakapoisikia. Akipiga tena pokea, hata uwe na nini mkononi. Asiposema kitu, na wewe usiseme kitu. Na wa kwanza kukata asiwe wewe.