Zamu ya Saa Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira! Wiki tatu namwambia Mkuu wa kampuni yetu: mfumo wa zamu tulioiandikia hospitali unakosea saa ukiwekwa Kiswahili. Anaufungua kwa Kiingereza, anaona uko sawa, anatabasamu. Haya, jana umemponza Mama mdogo! Nesi mzoefu, kahamishwa zamu ya usiku kwenda ya asubuhi. Ujumbe ukamwandikia “saa 2 usiku”. Akaenda usiku. Wodi imeshinda na nesi mmoja, wagonjwa thelathini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeikamata! Ni maktaba ya tarehe ya Javaskripti tunayotumia, msimbo wa kuazima tu — faili lake la Kiswahili. Linachukua 8:00 ya Kizungu, linatoa sita, linapata 2. Sawa. Halafu ndiyo linaiangalia hiyo 2 na kuamua ni asubuhi au usiku. Kwa saa za Kizungu 2:00 ni usiku, litasema nini tena? Lilipaswa kuamua kwanza, litoe sita baadaye. Mistari miwili! Nimeirekebisha kabla ya chai. Mkuu kasema tusiyatume marekebisho kwanza, hospitali itajua tulikosea. Kwani hatukukosea?

Alhamisi, 6 Machi

Mama mdogo kapewa barua ya kujieleza. Kesho kamati ya nidhamu. Huenda akafukuzwa, na amebakiza miezi minane astaafu. Mwanamke aliyenilea tangu mama afariki!

Mkuu naye kaniletea karatasi nitie saini: mfumo hauna kasoro, mtumiaji alisoma vibaya. Kasema nifikirie riziki yangu. Sijasaini. Sijaichana pia. Najichukia.

Nimemweleza Mama mdogo yote, na karatasi nimemwonyesha. Kaendelea kupiga pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Kamati imetutoa nje, inashauriana. Naandika kwenye korido, goti ndiyo meza. Mkuu kakaa benchi la pili, mikono kifuani, kashiba.

Niliitwa kama shahidi, nikaja na simu ya Mama mdogo, ujumbe ule umo. Kabla sijafungua mdomo, akasimama yeye.

“Mwanangu hana kosa,” akawaambia. “Mimi ndiye niliyesoma vibaya. Macho ya uzee.”

Macho! Mtu anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani! Nimemkasirikia kuliko Mkuu, Mungu anisamehe.

Sasa yuko kando yangu, kanyoosha kiganja. Anataka simu yake aufute ujumbe. Ananinong'oneza kwamba yeye ameshakula chumvi nyingi, mimi ndiyo kwanza naanza. Sijampa. Mlango umefunguliwa, karani anatuita, na kiganja bado kiko pale —