Mahali Palipobaki Peupe kwenye Ramani

Isaka, Alhamisi, Aprili 1995. Mvua imekatika, lakini malori yangali yamekwama kwenye matope nje ya bandari kavu.

Hoja yangu ni hii, nami nitaitetea mbele ya yeyote: ramani ya kompyuta inaweza kuokoa watu wengi kuliko bunduki ya mlinda amani. Dada yangu Kabula hakuuawa kwa kukosa ramani. Aliuawa kwa jinsi ilivyosomwa.

Mimi ndiye niliyeichora. Katika ofisi hii inayohudumia kikosi cha amani kilichoko nchi jirani, tunapokea taarifa za redio na kuziweka juu ya tabaka za barabara, visima na makazi. Palipovamiwa tunapaka rangi nyekundu. Doria ikikuta shwari, kijani. Pasipo na taarifa panabaki peupe.

Zahanati alikojitolea Kabula kama muuguzi ilibaki nyeupe. Redio yao ilikuwa imenyamaza.

Wiki iliyopita nililisema hilo mkutanoni. Meja akaitazama ramani ukutani.

"Hapo pako safi, mtaalamu. Doria iende kwenye wekundu."

"Si safi, afande. Hatujui kitu."

"Wangekuwa na shida wangetuita."

"Kwa redio ipi?"

Wakacheka. "Msomi ana dada huko," mmoja akasema, "mwacheni."

Ni kweli, nilikuwa na dada huko. Hilo halikuifanya hoja yangu kuwa ya uongo.

Zahanati ilichomwa siku chache baada ya mkutano huo. Jana dereva aliyetoka huko alinikabidhi kitenge cha Kabula, kimekunjwa vizuri.

Leo nimekwenda Kahama kwa mama. Nilimpa shikamoo. Akakiona kitenge mkononi mwangu.

"Baba, kwenye hiyo ramani yenu, walimwona?"

"Nilimwona mimi, mama."

"Wewe si askari."

Akachukua ungo, akaanza kupepeta mchele wa wageni wa msiba, ambao hata hawajaarifiwa.

Sina elimu inayofaa kwa jambo hili.

Ila nina nakala ya ramani ya siku ya mkutano. Nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, nikaandika jina langu kamili chini yake. Wakuu wa kikosi, sitaki barua ya pole. Jibuni hadharani, mbele ya mama yangu na jamaa wa wote waliokuwa pale: magari mlikuwa nayo, mafuta mlikuwa nayo, na mliambiwa. Kwa nini doria haikwenda?