Kigae Chenye Mafuta ya Mbarika

Thika, 9 Februari 2025

Kwa Tata Beth,

Salamu nyingi kutoka chuoni. Natumai hujambo, na ile sukari inakusikiliza. Mimi ni mzima, ila nimekonda kwa mapishi yangu mwenyewe. Barua hii inakuja na jirani yako Njau kwa sababu imebeba vitu ambavyo simu haibebi.

Ndani ya kikopo kuna vigae viwili vya silikoni. Nimevitoboa kwa asidi na umeme, vitundu vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Ukivimulika gizani kwa ile taa ya zambarau unayokagulia noti dukani, vinawaka rangi ya chungwa. Gesi mbaya ikivipitia, vinafifia. Nikifaulu, kigae kama hiki kitabandikwa ukutani kiwandani na kuwaonya wafanyakazi, katika joto la kawaida la chumba, bila kupashwa moto.

Adui yake ni hewa. Kigae kitupu, chenye alama ya A, kitazimika baada ya wiki chache. Hicho cha B nimekivisha ngozi ya asidi inayotokana na mafuta ya mbarika. Profesa anataka kujua kama kitadumu katika nyumba ya watu, penye mvuke wa sufuria na vumbi. Nikamwambia nyumba ninayo, ya Tata wangu, dada ya mama, aliyenilea. Viweke rafuni juu ya jiko, uvimulike kila wiki, kisha uniandikie ulichoona na utie sahihi. Kama kimezimika, andika kimezimika. Shahada yangu yote imesimama juu ya hicho B.

Mwanao,
Waceke


Mwihoko, 16 Machi 2025

Kwa Waceke, mwenye jina la mama yangu,

Pokea salamu zetu. Mimi sijambo, dawa nameza. Mguu ndio unakufa ganzi, lakini hiyo si habari. Wewe kula. Huwezi kutoboa vyuma na tumbo tupu.

Nimecheka sana juu ya mbarika. Yule Waceke wa kwanza, nyanya yako, alikuwa akitupaka mafuta hayo mwili mzima kule Kalimoni, tukanuka hadi darasa zima likatuhama. Angejua yamefika chuo kikuu!

Najifunika leso kichwani kama mtu anayejifukiza, kisha nawasha taa. A ilikuwa chungwa, sasa ni kama chai iliyoongezwa maji wageni walipozidi. B inawaka kama makaa. Juzi mteja wangu Dorine alinikuta chini ya leso, akadhani naomba, akangoja nje kwa heshima mpaka nikamaliza. Sikumwambia ukweli. Wacha aseme nimeokoka zaidi.

Tata wako,
Beth


Mwihoko, 25 Mei 2025

Kwa Waceke,

Salamu. Huku ni wazima, mvua tu ndiyo imetuchosha na matope. A imezimika kabisa. B bado inawaka vizuri. Usiwe na wasiwasi, andika kitabu chako. Sina mengi leo, mkono umechoka.

Tata wako,
Beth


Thika, 6 Julai 2025

Kwa Tata wangu mpenzi,

Hujambo? Mimi leo sijambo kuliko siku zote. Karibu miezi mitano juu ya jiko na B bado inawaka! Profesa amesoma barua zako mbele ya wenzangu wote, hata ile ya Dorine, wakacheka hadi machozi. Nimeyaweka uliyoyaona katika tasnifu, na nitaitetea tarehe ishirini Agosti. Utakaa mbele kabisa, na ile kofia yako ya harusi.

Lakini Tata, mwandiko huo! Herufi kubwa kama za darasa la kwanza, na mistari inapanda mlima. Unaandika ukikimbizwa na nani? Nunua miwani, wacha ubahili.

Mwanao,
Waceke


Mwihoko, 27 Julai 2025

Kwa Waceke,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Nina neno nililokuficha, na nisipolisema sasa utasimama mbele ya watu na uongo wangu mkononi.

B ilizimika mwezi wa tano. Nilimulika, giza. Nikabadilisha betri za taa, giza. Nikaandika inawaka. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza kama mama yako atapona, nilikuwa nakuambia ndiyo, na hii nayo ikatoka hivyo hivyo. Niliichukua kama salamu. Mtu akikuuliza habari, unasema njema, hata kama nyumba inaungua. Sikufikiri itaingia kitabuni.

Nisamehe.

Tata wako,
Beth


Thika, 30 Julai 2025

Tata,

Nilikuomba neno moja la kweli kila wiki. Moja tu.

Nimemwambia profesa. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya Agosti, na miaka mitatu imeenda na maji. Hata siku mama alipokufa ulinidanganya. Uliniambia ameamka vizuri, nikaenda shule nikiimba. Sijawahi kukusamehe hiyo, na leo umeniongezea ya pili.

Mpe Njau vigae anirudishie. Usiandike.

Waceke


Mwihoko, 17 Agosti 2025

Tata wangu,

Naandika nikiwa nimekaa kwa ngazi ya mlango wako. Nimekuta kufuli. Emmah, mke wa Njau, anasema uko hospitali tangu Jumatatu, na ulimwapisha asiniambie ni ipi. Amekubali tu kukusomea hii.

Njau alileta kikopo. Kwa hasira nilikiacha siku tisa mezani. Jana nilikifungua, nikazima taa za maabara, nikamulika. A ni giza. B inawaka, Tata. Nilidhani nimechanganya alama, nikaangalia tena, nikaiweka kwenye mashine. Imepungua kidogo tu tangu Februari. Nikamwita profesa, akapiga makofi. Mimi nilikuwa nalia, akadhani ni furaha.

B haijawahi kuzimika. Ulichoandika Mei kilikuwa kweli, ila wewe hukukiona. Na mimi niliona mistari yako ikipanda mlima, nikakucheka nikakuambia ubahili. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mwanga na sikuweza kusoma barua ya mtu aliyenilea. Naona aibu hata kuandika jina langu.

Sikuulizi kwa salamu. Nakuuliza ili unijibu: hujambo?

Mwanao,
Waceke


Hospitali, 21 Agosti 2025
(Mkono ni wa Emmah, maneno ni ya Tata)

Waceke,

Nilianza kusema sijambo, Emmah akaweka kalamu chini. Ameingia chama chako. Basi namwambia aandike: sioni.

Jicho la kushoto lilienda Aprili, nikadhani ni vumbi la barabara. La kulia likamfuata mwenziwe polepole. Daktari anasema ni sukari, na kwamba ningekuja Mei wangeokoa moja. Mei nilikuwa chini ya leso nikibadilisha betri. Nilidhani ni kigae. Labda nilitaka iwe kigae.

Ulichosema juu ya mama yako ni kweli. Alikuwa ameshatuacha wakati unavaa viatu. Nilisimama mlangoni nikakusikiliza ukiimba mpaka ukapita kona, na sikuwa na kitu kingine cha kukupa siku hiyo. Kama nilikosea, nilikosea nikikupenda. Usikae kwa ngazi, simiti inaleta baridi ya mgongo. Emmah atakuonyesha njia ya kuja.

Tetea kitabu chako. Halafu niletee B. Iweke rafuni pale pale juu ya jiko. Mimi nitajifunika leso kama kawaida, wewe umulike, uniambie kama inawaka. Na siku itakapozimika, uniambie imezimika.

Tata wako