Mgongo wa Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Daktari anasema zimebaki wiki. Hakusema ngapi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliuliza kwa upole, mkono wangu ukiwa mkononi mwake, kama zitavuka tarehe kumi na moja. Tarehe kumi na moja anakuja mpiga picha!

Sebule yangu imekwisha. Miezi saba ya vumbi, nami nahamishwa chumba hadi chumba kama gunia. Mkwe ni mbunifu wa mapambo ya ndani, hii ndiyo kazi yake ya kwanza kubwa, na jarida limempa kurasa nne. Kuta zimepakwa rangi inayoitwa "ukungu wa alfajiri". Mimi naona chai ya maziwa iliyopoa. Kiti kipya hakikaliki. Nilijaribu, nikateleza hadi zuliani.

"Mama, hicho ni cha kuangalia tu."

Kiti cha kuangalia! Nimefundisha sayansi kimu miaka thelathini na moja, somo hilo sikuwahi kulifikia.

Na katikati ya yote — kabati. La vyombo, mbao nyeusi, milango miwili ya vioo, maua yamechongwa ubavuni. Mkwe anasema sebule nzima inazungumza nalo. Heri vingenyamaza.

Jumatano, 5 Machi

Mpiga picha amekuja kukagua. Binti mwenye suruali ya mifuko tisa — nimehesabu. Namwita Mifuko. Alifumba jicho moja, akazunguka sebule kama kuku anayetafuta pa kutagia, akatoa hukumu: vioo vya kabati vinarudisha mwanga wa dirisha, kamera itajipiga yenyewe. Lazima kabati livutwe kutoka ukutani na kugeuzwa.

Nikasema haliwezi kuvutwa. Miguu imeoza, litaanguka.

Ndivyo nilivyowaambia hata wapaka rangi. Walilizunguka kama kisiwa; nyuma yake ukuta ungali kijani cha zamani. Lakini Mifuko alipiga magoti, akaigonga miguu mmoja mmoja.

"Bibi, miguu hii itatuzika wote."

Mkwe akanitazama. Mimi nikakohoa. Kikohozi ni kitu kizuri sana ukiwa mgonjwa, hakuna anayekuuliza swali la pili.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike sasa, mkono ungali unashika kalamu.

Kabati hili hakulichonga mume wangu. Marehemu hakuweza kupigilia msumari wa kalenda bila kujiponda kidole. Lilichongwa na Fundi, aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Miezi tisa ya kazi. Likaletwa nyumbani, mgeni akalisifu, akauliza nani kalichonga. Mume wangu akasema: "Mimi." Mgeni alipoondoka tulicheka hadi machozi. Kisha akamwambia mgeni mwingine. Na mwingine. Kisha akalipeleka kwenye maonyesho ya kazi za mikono, likashika nafasi ya kwanza. Cheti! Picha gazetini! Yeye kasimama kando yake na randa ya kuazima, ameishika juu chini.

Fundi alikuja mbele ya kamati ya maonyesho. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Ligeuzeni, mtazame mgongoni."

Watu sita wa kamati wakanigeukia mimi badala ya kabati. Mimi ni Mwalimu, neno langu lilitosha. Nikasema nilimwona mume wangu akilichonga, kwa macho yangu haya. Hakuna aliyeinuka kwenda kuligeuza. Kulikuwa na chai, ilikuwa inapoa.

Fundi akaitwa mwongo mbele ya umati. Wateja wakamkimbia, karakana ikafungwa. Akaishia kutengeneza madawati yaliyovunjika — shuleni kwangu! Miaka kumi na minne. Kila asubuhi: "Habari za asubuhi, Mwalimu." Neno la ziada hakuna. Angenitukana ningepumua.

Yapata miaka thelathini na minane sasa. Na mimi mwenyewe sijawahi kutazama mgongoni. Ningeweza. Siku za kupiga deki, kwa kioo cha mkono tu. Sikutaka.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu amenisomea maelezo ya jarida. Ameyaandika mwenyewe. "Kabati hili Baba alilichonga kwa miezi tisa, jioni baada ya kazi, kwa mwanga wa taa ya chemni." Taa ya chemni! Tulikuwa na umeme. Ndiyo maneno aliyosema pia kaburini, watu wakalia.

Nilianza. Kweli nilianza. "Mwanangu, baba yako —"

Akanishika bega. "Najua, Mama. Mikono yake."

Macho yamemlowa, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Alikuwa wa miaka mitatu wakati ule. Anachokumbuka ni tulichomwambia. Nikimnyang'anya mikono hiyo, baba anabaki na nini? Kofia na kikohozi.

Akaniomba nimsahihishie Kiswahili. Nikamsahihishia. Koma mbili na herufi kubwa moja. Sasa uongo hauna kosa lolote.

Nesi alipokuja kunichoma sindano nilimpa kikaratasi. Fundi anaishi kwa binti yake, mitaa miwili kutoka hapa. "Jumanne saa nne asubuhi wanaligeuza kabati. Njoo." Niliandika pia samahani, nikaikata. Ilionekana ndogo mno.

Jumatatu, 10 Machi

Nesi amerudi. Fundi alikisoma kikaratasi mara mbili, akauliza kama bado kuna zulia, lile tulilomkataza kulikanyaga siku alipoleta kabati. Basi.

Hapa ndani ni wazimu. Vitabu vyangu vyote vimegeuzwa, migongo ukutani, kwa kuwa majalada "yanapiga kelele". Dawa zangu zimefichwa ndani ya oveni. Nimeomba wasiiwashe. Bakuli lina malimau kumi na matatu. Nikachukua moja nitie kwenye chai — kilio! Mkwe alilirudisha, akalifuta, akaligeuza upande usio na alama ya kucha yangu.

Halafu akaketi kitandani kwangu, viatu mkononi. Akasema, bila madaha yoyote, kwamba picha hizi zisipotoka vizuri hatapata kazi nyingine. Usingizi hapati. Nikampapasa kichwa. Masikini, yeye hakumdanganya mtu. Amepamba alichopewa.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia mapajani. Kabati limevutwa! Mwanangu huku, Mifuko kule, likatoka bila hata kulia. Wameliweka mshazari katikati ya sebule, na nyuma yake imebaki kona ambayo kamera haiioni. Kila kisichotakiwa kimeletwa kwenye kona hii: feni, ndoo, kiti changu cha choo, mimi.

"Dakika chache tu, Mama."

Wamenificha nyuma ya kabati! Mwanangu alinibeba huku ananitazama usoni, kabati hakulitupia jicho. Mgongo wa kabati uko hatua moja kutoka puani kwangu.

Penseli nene ya useremala. Majina yote matatu ya Fundi. Tarehe. Na chini yake: "Mlango wa kushoto ukigoma, uinue kidogo ndipo uusukume."

Mume wangu aliupiga kwa goti maisha yake yote.

Upande wa pili Mkwe analalamika. Mlango wa kushoto haufungi, umeacha ufa, utaonekana.

"Baba alikuwa anaupiga kwa goti," mwanangu anasema.

"Basi upige," Mifuko anajibu. "Aliyeuchonga ndiye anayejua."

Wamepiga. Vioo vimelia.

Hodi mlangoni. Sauti imezeeka lakini naijua. Anauliza kama Mwalimu yupo.

"Mama amepumzika, mzee wangu," anasema Mkwe. "Tuko kazini, mwanga unatukimbia. Njoo kesho."

"Na zulia usilikanyage, mzee!" Mifuko.

Hakuna hatua zinazoondoka. Mwanangu anaupiga mlango kwa goti tena. Vioo tena.

"Usiupige, mwanangu," inasema ile sauti. "Uinue kidogo ndipo uusukume."

Neno kwa neno! Naisoma huku anaisema.

Tk. Umefunga.



"Umejuaje, mzee?" anauliza mwanangu.

"Muulize Mwalimu."

Kabati lina miguu mirefu, chini yake naona sakafu yote. Makubazi ya Fundi yamesimama kizingitini, nje kabisa ya zulia. Viatu vya Mkwe haviwezi kutulia. Viatu vya mwanangu vimegeuka. Vinakuja, vinalizunguka kabati, polepole.

"Mama?"

Nimesogeza kiti changu kando kidogo. Nilikuwa nimeyaziba maandishi.