Moyo Uliouona Jumapili

Dada yangu mpendwa,

"Usinibishie, mdogo wangu. Jumapili ulikasirika nilipokuambia habari ya Mama. Nimeuona moyo wako kwenye simu yangu jinsi ulivyoruka. Mdomo wako unaweza kubisha mpaka kesho, lakini saa haina ubishi."

Hayo ni maneno yako. Nimeyanakili kama ulivyonitumia ili usije ukasema nimekusingizia, na nayapinga yote. Jumapili sikukasirika, na moyo uliouona haukuruka kwa hasira yangu. Lakini wewe ni mkubwa wangu, na ugomvi una adabu zake, kwa hiyo kwanza shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na shemeji naye hajambo. Sisi huku tunaendelea. Wifi yako amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, sebule imejaa vitambaa vya bluu, na tunakula tukiwa tumepakata majora. Watoto ni wazima na wanakusalimu. Mama yuko vile vile. Au tuseme hivyo ndivyo ningekuandikia mwezi uliopita. Sasa sijui niandikeje, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Jambo hili sitalizungumza tena kwenye simu. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Nianze na hiyo saa ya kupima mapigo uliyonitumia, maana ugomvi ulianzia hapo.

Ilifika salama. Shemeji alikuwa ameshaipangia kila kitu, ameandika umri wangu, urefu wangu na uzito wangu (uzito ameupunguza, mshukuru), na ameiunganisha na simu yako ili dada mtu awe anaona mdogo wake anavyoishi. Nilipoivaa niliona ni nyepesi, kama hujavaa kitu. Kioo chake cheusi kinawaka ukigeuza mkono, na nakiri kwamba siku ile niligeuza mkono mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake iliniaibisha. Tulikuwa kwenye kikao cha wahariri, nami nikimweleza mhariri mkuu kwa nini makala yangu haistahili kukatwa aya tatu za mwisho. Unajua nikieleza jambo mikono yangu haitulii. Mara saa ikatetemeka, ikamwaga vinyota kwenye kioo na kunipongeza kwamba nimetimiza lengo langu la kutembea. Sikuwa nimenyanyuka kitini. Mchora vibonzo, anayekaa karibu yangu, aliisoma kwa sauti, kisha akauliza kama nikiendelea kugombana hadi jioni nitafika nyumbani bila kupanda gari. Walicheka wote, na aya zangu zikakatwa.

Mchana wake ikaniambia nipumue. Nimekuwa nikipumua tangu kabla wazazi wa aliyeiunda hawajaoana. Jioni nikakaa kwenye kiti changu nasoma kitabu kwa utulivu, na ilipofika asubuhi ikanijulisha kwamba muda ule nilikuwa nimelala. Nilipogombana ikasema natembea, niliposoma ikasema nalala. Nikakuandikia kwamba saa yako ni mwongo. Ukanijibu kwamba tatizo ni mimi nisiyejua kuivaa, na shemeji akaongeza chini kwamba takwimu hazina undugu.

Maneno hayo ya shemeji yaliniuma, nikamkumbuka Mama enzi zake za uuguzi. Yeye alikupima kwa vidole viwili chini ya kidole gumba chako, macho yakiwa kwenye saa yake ndogo, midomo ikihesabu bila sauti. Saa ile haikumpongeza mtu yeyote. Lakini siku ya mtihani wako wa hesabu, ulipojifunika mablanketi mawili ukasingizia homa, alikushika mkono kidogo tu akakuambia uvae viatu. Ndiyo, nimekukumbusha makusudi.

Sasa nije kwenye wiki iliyofuata. Ulianza kunitumia ujumbe wa masikitiko. Ulisema siku hizi sitembei kabisa, nakaa tangu asubuhi mpaka jioni, nalala mchana kama paka. Ukauliza kama nimeachishwa kazi naona aibu kukuambia. Ukauliza pia kama naumwa, maana mapigo yangu yametulia mno kwa mtu mwenye hasira zangu. Sikukujibu. Niliona raha kukuacha uhangaike, nikisubiri siku nzuri ya kukuumbua. Hapo nilikosea, na kosa hilo limezaa jingine.

Ndipo ukapiga simu Jumapili. Ulizungumza vizuri, Dada, siwezi kukunyima hilo. Ulieleza habari ya nyumba ya kulelea wazee iliyo karibu na kwako: bustani, wauguzi wa zamu, chumba chenye dirisha. Ulisema wifi yako amechoka na haki yake ni kupumzika, na hilo ni kweli, amechoka. Ulisema mwisho wa mwezi shemeji atakuja na gari. Halafu ukasema maneno ambayo hukuyaweka kwenye ujumbe wako, kwa hiyo nayaweka mimi hapa:

"Tusidanganyane. Mama hayupo tena. Tangu kiharusi kile, tulichobaki nacho ni mwili tu. Mpeleke popote, hatajua tofauti."

Nilikujibu kwamba nitafikiri. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya chini, na wewe mwenyewe ulishangaa kwamba sikubishi. Baadaye ukafungua simu yako ukakuta kwamba wakati ule ule moyo ulikuwa umepanda mpaka mia na zaidi na kubaki huko huko. Ukahitimisha kwamba nilikuwa naungua ndani huku najifanya mpole.

Dada, Jumapili sikuwa nimevaa saa. Sijaivaa tangu wiki ile ya kwanza. Saa iko kwenye mkono wa Mama.

Nilimvika ili niishinde hoja yako, wala sikuwa na sababu nyingine nzuri zaidi. Nilitaka kuona kama itampongeza kwa kutembea yule ambaye hatembei, halafu nikuandikie ushahidi. Nikaifunga kwenye mkono wake wa kulia, ule uliokufa ganzi, ili isimsumbue. Siku ya kwanza haikumpongeza, nikasema tusubiri ya pili. Nikaenda kazini nikaiacha pale. Kwa hiyo yule mvivu uliyekuwa unamkaripia, anayelala mchana kama paka, ni mama yako mzazi.

Na Jumapili, ulipopiga, nilikuwa chumbani kwake namwosha miguu kwenye beseni. Mikono ilikuwa imejaa sabuni, basi nikabonyeza spika kwa kifundo cha kidole na kuiweka simu dirishani. Hotuba yako yote aliisikia. Nilipaswa kukunyamazisha ulipotaja nyumba ile, au walau nikuambie uko kwenye spika. Sikufanya hivyo, kwa sababu hata mimi, ninayemwosha kila Jumapili, nilikuwa nimeshazoea kuongea mbele yake kama mtu anayeongea mbele ya kabati. Kwa jicho la pembeni niliiona namba ya mapigo ikipanda kwenye kioo cha saa mkononi mwake. Unajua nilifanya nini? Nilitia mkono kwenye beseni nikidhani maji ni ya moto. Yalikuwa ya vuguvugu.

Uso wake haukubadilika. Alikuwa anatazama ukutani kama kawaida.

Sasa nikubane, kwa sababu umejifunga kwa kamba uliyoisuka mwenyewe. Umesema saa haina ubishi. Umesema pia Mama hajui kitu. Chagua moja. Kama saa haina ubishi, basi Mama alikusikia, na ulichokiita hasira yangu kilikuwa kitu chake. Kama Mama hajui kitu, basi saa inabwabwaja, na unanidai radhi kwa kuniita mnafiki. Yote mawili kwa pamoja sikupi.

Kwa kawaida hapa ndipo ningefunga makala na kwenda kunywa chai. Safari hii nimeshindwa kuifunga, kwa sababu hoja imenigeukia.

Nilitaka kuhakikisha. Nikamchezea ule ujumbe wako wa sauti kuhusu kifurushi cha saa, ambao ndani yake hakuna habari ya Mama hata kidogo. Namba ikapanda. Nikafurahi, nikasema anaijua sauti ya mwanawe. Nikafungua redio, mtu anatangaza magodoro. Ikapanda vile vile. Wifi yako akaanza kukanyaga cherehani sebuleni, ikapanda tena. Basi sikujua kama Jumapili aliruka kwa sauti yako, au kwa maneno yako, au kwa sababu simu ilikuwa na kelele. Huenda aliyaelewa yote. Huenda hakuelewa hata moja. Nimelizungusha jambo hili kichwani kwa siku kadhaa, na kila nikipata jibu linaniponyoka.

Halafu nikajaribu mimi mwenyewe. Nikaingia chumbani, namba haikutikisika. Nikatoka, nikaingia tena kwa mlango ule ule kama mwigizaji aliyesahau maneno yake. Hakuna kitu. Nikamwita, nikamwimbia, hakuna kitu. Nikamsomea ile makala yangu iliyokatwa, tena pamoja na zile aya tatu, kwa sauti ile ninayoitumia kikaoni. Namba ikashuka. Wifi yako, akiwa na pini mdomoni, alisema hata watu wazima wenye afya zao hulala wakisomewa makala zangu. Alipoona sicheki alizitoa zile pini.

"Wewe bwana, unataka akushtukie kwa lipi? Wewe ndiye uliye hapa kila siku."

Labda. Ni jibu zuri na ningependa kuliamini. Lakini magodoro yanampandisha moyo, na mwanawe anayemlisha hampandishi hata chembe. Hicho ni kitu gani? Ni utulivu, au mimi ndiye kabati? Miaka yote nimeandika kwamba binadamu hapimwi kwa namba, nimewachapa wakubwa kwa wadogo kwa hoja hiyo, na sasa nimepiga magoti kando ya kiti cha mama yangu nagombea namba, kama mtoto anayegombea alama.

Juzi nikaamua yaishe. Nilisema naivua, nairudisha kwenye kisanduku chake, nakutumia. Nikakaa mbele yake kwenye kile kigoda cha kuoshea miguu na kuanza kufungua kamba. Ndipo mkono wake wa kushoto ukaja. Ni ule mkono ambao siku ukipenda hushika kijiko, na siku usipopenda hauguswi. Ulikuja polepole, ukapita juu ya saa, ukanishika mimi. Haukushika vidole wala kiganja. Ulishika hapa, chini ya kidole gumba, kwa vidole viwili. Macho yake hayakuwa ukutani tena, yalikuwa kwenye kioo cha saa.

Midomo ilicheza. Au nilitaka icheze, sijui. Nilikaa pale bila kupumua, na kwa mara ya kwanza ningeshukuru kama saa ingenikumbusha. Sijui ilichukua muda gani. Kisha akaniachia, akarudi ukutani kwake, na mimi nikaifunga tena ile kamba kwenye tundu lile lile ilimokuwa. Sikuangalia namba. Baadaye nilifikiri kwamba ningeangalia, halafu nikafikiri ni vizuri sikuangalia, na mpaka sasa sijakata shauri.

Sikuambii kwamba amerudi. Siku nzima iliyofuata hakufanya kitu, na leo asubuhi uji wote ulitoka kwenye pembe ya mdomo. Inawezekana mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea ya kazi ya miaka mingi, kama mguu wa wifi yako unavyokanyaga cherehani hata akisinzia. Ninachokuambia ni hiki tu: sijui, na wewe pia hujui, na tofauti yetu ni kwamba wewe umeshaagiza gari.

Watoto wanataka kujua kama utawaletea zile kalamu za rangi. Wifi yako anakusalimu sana na anasema koti lako limebaki vifungo tu. Nisalimie majirani zako wanaonikumbuka, na wasionikumbuka pia. Na wewe shemeji, ambaye najua unaisoma barua hii juu ya bega la dada yangu, pokea salamu zangu na usijifiche.

Ombi langu ni kwenu wote wawili. Msipige simu. Msinitumie ujumbe, na msifungue hiyo programu kutazama leo amelalaje. Mwisho wa mwezi njooni na gari lenu, sitafunga mlango. Lakini kabla ya kugusa sanduku lake hata moja, wewe Dada ukae kwenye kile kigoda, shemeji asimame mahali anapoonekana, na umwambie Mama mwenyewe yale uliyoniambia mimi, neno kwa neno, ukimtazama usoni. Umpe na mkono wako wakati unasema. Kisha, kama bado utakuwa na la kusema, umvue hiyo saa wewe.

Mdogo wako,
Mbishi