Jicho Jipya la Mama na Kitambaa cha Harusi

Kauman, Pekalongan,
8 Juni 2019

Mpendwa wifi yangu Ratmi,

Hujambo huko Taipei? Mgongo unaendeleaje, na yule bibi unayemtunza bado anakunyima pilipili? Sisi wazima. Kaka yako Darsono anakohoa, lakini sigara haachi.

Najua unachosubiri: macho ya mama. La kulia limeshapasuliwa, la kushoto linangoja mwezi ujao. Alikuwa na mtoto wa jicho.

Daktari alinionyesha jicho la plastiki linalofunguka katikati. Wifi, nilishangaa! Kile cheusi cha katikati, ambacho miaka yote nilidhani ni kitu, kumbe ni tundu tupu. Mwanga unaingia hapo, unapita kwenye lenzi, picha inaangukia ukuta wa nyuma kichwa chini miguu juu, halafu ubongo ndio unaigeuza. Nikamuuliza, "Kwa hiyo hata mimi hapa umenipindua?" Akacheka: "Tangu ulipoingia mlangoni, dada."

Kisha akasema lenzi ya mama imezeeka, imekuwa na rangi ya chai. Hapo nikakikumbuka kitambaa chako.

Unajua kile kitambaa cha harusi yako nilichokichora kwa nta tangu mwaka jana. Kila nikikichemsha nta itoke, mama anakisukuma: "Weupe uko wapi? Mbona kama kimemwagiwa chai? Chemsha tena, mvivu we!" Mara ya mwisho nililia. Kikichemshwa zaidi buluu itapauka, na harusi ni Agosti. Kingine hakiwezi kuwahi, na asichokikubali yeye hutakivaa.

Bandeji ilipotolewa hakutaka chakula, alitaka kitambaa. Akakitandaza uani. Akafumba jicho moja, akatazama. Akafumba la pili, akatazama. Akarudia tena na tena.

"Huku chai, huku maziwa," akasema. Kisha akanigeukia kwa ukali. "Wuryani, kwa nini hukuniambia ni cheupe?"

"Nilikwambia, mama."

"Sikusikia."

"Ulisikia, ukaniita mvivu."

Hakuomba radhi, unamjua mama yako. Alifungua kabati, akatoa vitambaa vyangu vyote alivyovikataa, akavianika juani, akawa anapita akivitazama kimoja kimoja kwa jicho jipya. Cha kwako alikikunja mwenyewe, akakilaza kwenye sanduku la harusi.

Halafu akanishika kidevu, akafumba lile jicho la zamani, akanitazama kwa muda mrefu.

"Umekonda," akasema. "Nani anakulisha humu ndani?"

Nililia tena, wifi, huku nikila sahani ya megono, fenesi bichi lenye nazi, aliyonipakulia kwa mkono wake.

Darsono anakusalimu, na shangazi Mutiah anauliza kama bwana harusi anajua kupika. Mungu akulinde, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukutania,
Wuryani