Si Vidole vya Ndeshi

Jumamosi, jioni. Jua la Februari limekausha kila kitu hapa Kijenge na Mlima Meru umejificha kwenye wingu tangu asubuhi. Nina matope mpaka magotini, sijaoga, na nimekaa kuandika kabla furaha haijapoa.

Leo najisifu. Asiyependa kusoma mtu akijisifu afunge ukurasa arudi siku nyingine.

Kwa wageni wa blogu hii, mimi ni fundi simu. Nina duka dogo na kazi yangu kubwa ni kubadilisha vioo. Mteja mpya akiingia, akakuta mwanamke, huniuliza fundi yuko wapi. Namwambia ametoka kidogo, kisha naichukua simu yake naanza kuifungua.

Binti yangu Ndeshi anasomea urubani kule Kisongo. Mwaka jana, mvua za vuli zikiendelea, nilimtengenezea ndege ya kuigiza humu ndani, ile wanayoiita simuleta, ili afanye mazoezi akitoka chuoni. Televisheni kubwa ndiyo dirisha la mbele. Fremu ya chuma alinichomelea fundi mmoja wa Sokon One, usukani tulipata wa mtumba, na chini ya usukani nikafunga vioo viwili vya kugusa, kushoto ramani na kulia redio. Ndege anazojifunzia ndivyo zilivyo, rubani anagusa kioo kama sisi tunavyogusa simu.

Siku ya kwanza ilinitoa jasho. Nagusa kushoto, kulia ndiko kunakoitika. Kompyuta ilikuwa haijui kioo kipi ni kipi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaionyesha kimoja kimoja, ikaelewa. Nilimtambia mume wangu wiki nzima, na mpaka Krismasi ile mashine ilikwenda kama saa.

Januari Ndeshi akafeli jaribio la angani. Siyo kwamba hajui kurusha. Upepo ulimtikisa, akagusa ukurasa ambao hakuukusudia, akahangaika kutafuta njia ya kurudi, na alipoinua macho ndege ilikuwa imeshuka chini ya pale ilipotakiwa kuwa. Mtahini alimpa nafasi ya pili, Jumanne hii inayokuja.

Akarudi kwenye simuleta kujinoa. Na simuleta nayo ikaanza vituko. Anagusa ramani, inafunguka orodha ya viwanja. Anaweka namba ya redio, namba inaruka. Anasahihisha, inaruka tena. Kila jioni nikiwa jikoni niliisikia pumzi yake, ile ya mtu anayejizuia asitupe kitu.

Jumatano akavua vile visikizio vya masikioni, akaviweka mezani taratibu.

"Mama, Krismasi mashine hii ilikuwa nzima," alisema. "Yenyewe haijabadilika. Nimebadilika mimi."

Akaniambia Jumanne haendi. Shangazi yake ana duka la vitenge, atakwenda kumsaidia. Aliyasema hayo bila hata chozi moja, na hilo ndilo lililonitisha. Mwanangu akilia najua la kufanya.

Nilikuwa nimeshabadilisha nyaya zote. Nilivifungua vioo vyote viwili nikavipeleka dukani, na juu ya meza yangu vikafanya kazi bila kosa hata moja. Nikavirudisha nyumbani, Ndeshi akakaa, vikaanza kucheza.

Nakiri hapa, kwa sababu hapa ndipo ninaposema kweli. Alhamisi asubuhi nilianza kuamini kwamba ni yeye.

Mume wangu alinishauri nimwite mtaalamu wa kompyuta kutoka mjini. Nikamjibu kwamba mtaalamu yupo, na ndiye anayempikia. Lakini chakula chenyewe siku hiyo nilikiunguza.

Jana mchana umeme ukakatika. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha rubani, nimekiunganisha kioo cha kulia kwenye laptop iliyokuwa kwenye chaji ili nikipime. Televisheni ikazima, kompyuta kubwa ikazima, laptop ikabaki kwenye betri yake. Na kile kioo, ambacho dakika hiyo hiyo kilikuwa kinaruka ruka, kikatulia. Nikagusa kona, ikaitika kona. Nikagusa katikati, ikaitika katikati. Niligusa mpaka kidole kikachoka. Umeme uliporudi, vituko vikarudi navyo.

Nikacheka peke yangu kwa sauti. Mganga hajigangi, wazee hawakukosea. Kila wiki ananijia mtu na simu, analalamika kioo kimekufa, kinajiandikia chenyewe. Namuuliza swali moja tu, kinafanya hivyo ukichomeka chaji? Akisema ndiyo, namwambia kioo chake kizima, akatupe hiyo chaja feki. Nimewaambia watu maneno hayo miaka yote niliyokaa kwenye kiti changu cha dukani, halafu kwangu nikakimbilia kufungua vioo.

Nikavua ndala nikaigusa fremu ya chuma kwa mgongo wa mkono. Ikanitekenya. Tafadhali msijaribu haya majumbani kwenu. Umeme ulikuwa unavuja kidogo kidogo kutoka kwenye mitambo yangu na hauna pa kwenda, basi unazunguka humo humo na kuvichanganya vioo. Wa kuupeleka ardhini ni waya wa ethi. Nikaufuata kutoka kwenye mita, ukanitoa nje, ukanipeleka nyuma ya jiko, ukazama chini ya pevingi.

Pevingi za Baba Ndeshi.

Lazima nieleze. Pale nyuma ndipo tulipokuwa tunafulia, na maji yote ya kufulia tuliyamwaga pale pale. Palikuwa na matope mwaka mzima, ndala inabaki wewe unaondoka. Baada ya Krismasi Baba Ndeshi akatumia likizo yake kutandika vitofali kwa mikono yake mwenyewe, na maji ya kufulia akayaelekeza kwenye mtaro. Pakapendeza kweli. Tangu hapo kila mgeni, hata wazee wa jumuiya, hupitishwa nyuma ya nyumba kuona pevingi kabla hajapewa chai. Hakuna aliyefikiria kwamba ile nondo ya ethi iliyofukiwa pale ilikuwa inaishi kwa maji yetu ya kufulia. Udongo ukikauka hivi, hauupokei umeme.

Kumwambia ndiyo ilikuwa kazi. Nilianza mbali, nikazisifu kwanza, nikasema hata kwao Akheri hakuna uwanja kama huu. Akajua nina jambo. Nilipofika kwenye kung'oa akainama kukipangusa kitofali kimoja. Nilipomweleza kuhusu Ndeshi na Jumanne, akauliza ving'olewe vingapi. Nikasema vinne. Akasema viwili.

Leo asubuhi nimemkuta ameshang'oa eneo zima, ameinama na sururu, na udongo uliokuwa chini ni unga mtupu.

Lakini kabla hatujamwaga tone la maji nilitaka Ndeshi aone kwa macho yake. Nikamketisha, nikawasha kila kitu, nikamwambia aikalie mikono yake. Alinitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha, ila akaikalia. Tukasubiri. Anaporuka, mikono yake haiachi kwenda na kurudi, kwa hiyo hakuna hata siku moja tuliyokaa tu tukavitazama vile vioo.

Namba ya redio ikabadilika. Halafu ramani ikajikuza, ikajipunguza.

"Sijagusa," alisema Ndeshi.

"Hukugusa," nikamwambia. "Na Jumatano hukugusa."

Aliendelea kukitazama kile kioo kikijichezea, na nikaona mabega yake yanashuka. Ikabidi nitoke nje haraka, nijifanye nakwenda kumsaidia baba yake.

Tulizima umeme wa nyumba nzima, nikakaza kibano kilichoshika waya kwenye nondo, kisha tukaanza kumwaga maji. Ndoo ya kwanza ardhi iliinywa kama haikuona kitu. Tuliendelea mpaka pakawa tope lile lile tulilolikimbia, na Baba Ndeshi akateleza akanishika, tukaanguka wote wawili, ndiyo maana niko hivi. Tukawasha umeme. Ndeshi akatutangazia dirishani kwamba vioo vimetulia. Jumatatu fundi umeme anakuja kufukia nondo ndefu zaidi kando ya mtaro, maana sitaki kuishi kwa kumwagilia umeme kama mchicha.

Tulisimama nyuma ya kiti chake tukiwa wachafu vile vile. Akaruka kutoka Kisongo, akauzunguka Meru, na kwenye televisheni mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nikamwongezea upepo. Nikauongeza tena. Ndege ikawa inarushwa huku na huku, na katikati ya hayo kidole chake kikateleza, ukafunguka ukurasa ambao siyo.

Baba yake akanishika kiwiko.

Ndeshi akakitazama kioo. "Hilo sasa ni kosa langu," alisema. Akarudi ukurasa wa nyuma, akaiinua ndege kidogo, akaendelea na safari yake. Aliitua vizuri.

Nimejivunia kuupata ule ubovu, na nitausimulia dukani mpaka wateja wanihame. Lakini kile alichokisema mwanangu, kwa sauti tulivu ya mtu aliyefungua droo ambayo siyo, akaifunga tu, sijui niite nini. Nimekisikia kichwani jioni yote.

Sasa hivi yuko chumba cha pili, anapiga pasi shati lake jeupe la chuo. Sijamtuma.

Jumanne sitakuwa nyuma ya kiti chake. Akikosea kule juu, atajua ni kosa lake, na njia ya kurudi anaijua.